Nyuma ya Risiti za Chai

Mbele ya karatasi: kilo kumi na nne, majani mabichi,
namba ya mkulima, sahihi, tone la mvua.
Nyuma yake, kwa penseli iliyochongwa kwa wembe,
lugha ambayo hakuna aliyepata kuizungumza
ila kaka yangu Lugano, karani wa mizani,
na mimi, siku za mvua.
Na Tukuyu hizo ndizo siku.

Alianzia kwenye kitabu cha nyimbo cha Kijerumani,
hakina jalada, kimeokotwa stoo ya kanisa,
nusu chakula cha mchwa.
Maneno hakuyaelewa. Alisikia tu yanavyokanyaga,
viatu vya ngozi juu ya mbao.
Akasema, nitatengeneza yangu.

Kila jina lina milango minne, alinifundisha,
tumekalia magunia matupu, tunasubiri lori la kiwandani.
Ragan: mvua inayotenda.
Ragnes: kilicho cha mvua, matope, kikohozi.
Ragne: unaipa mvua kitu. Unaipa nini?
"Shati," nikasema. Akacheka, akaandika shati.
Ragnu: mvua unayoitenda wewe.
Huo mlango wa nne, alisema, kwetu haufunguki.

Kisha sauti.
P ikichoka huwa f. K ikizeeka huwa h, pumzi tupu.
Nikambishia, lugha gani inachoka?
Akaniambia: sisi umundu,
ng'ambo ya Kipengere Wabena umunu,
shuleni mtu.
Ni huyo huyo, amepita njia tatu,
na kila njia imemwibia kitu.

Kanuni aliyoipenda ilikuwa ya i.
Tasp, kikapu. Vikapu, hapo kale, taspi.
I imekaa mwisho kabisa, ndogo,
lakini a imeisikia ikija
ikaanza kujipinda mapema: tespi.
Halafu i ikafa.
Ikabaki tesp.
"Umeona? Aliyesababisha kaondoka,
aliyepindwa kabaki vile vile,
na mtoto anayejifunza leo
hatajua palikuwa na nani."
Nikamwambia, hata pika na mpishi,
nani aliigusa ile k?
Akaninunulia chapati mbili kwa swali hilo.

Julai ukungu ulikaa hadi saa sita mchana.
Nimonia, walisema Makandana,
wakaturudishia koti lake na funguo za mizani.

Tangu hapo mama akiniita, Tupokigwe,
irabu zinainama kabla jina halijafika mwisho.
Wageni hudhani ndiyo sauti yake.

Risiti ya mwisho, kilo tisa.
Nyuma: brodar, ndugu.
Umoja ameujaza, milango yote minne.
Wingi, mstari mtupu na alama ya kuuliza.
Nimejaribu bredar. Nimejaribu brodri, bredur.
Kila moja inatii kanuni,
hakuna inayosikika kama sisi.

Jana nikaandika pale, kwa Kiswahili, ndugu,
neno lisilobadilika, umoja ndio wingi,
ukilisoma hujui
anatajwa mmoja au wawili.

Karatasi ilikuwa bado na unyevu.
Penseli haikushika vizuri.