Ufunguo wa Ezironi

Tulipanda kutoka Matema kabla ya jogoo la pili,
mimi na magoti yangu ya Kyela, yaliyozoea tambarare.
Saa nne tukafika. Jua lilikuwa jina tu;
ukungu ulitupokea kama mwenye nyumba
asiyependa wageni.

Kijiji kimebaki kuta. Mawe yamepangwa
bila saruji, jiwe limelalia jiwe.
Waliohamishwa mwaka ule wa operesheni
walibeba milango, wakaacha vizingiti.
Pareto imeota palipokuwa na jiko.

Ufunguo wa kanisa anao Ezironi Tweve, miaka kumi na miwili,
ameuning'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu.
"Hapa wamelala watatu. Majina yameliwa na mvua.
Kengele ina ufa, ukiigonga inakohoa."
Akaigonga.
Ikakohoa.

Ndipo ukungu ukafunuka,
Ziwa Nyasa likawa chini yetu lote,
mitumbwi kama punje za mchele zilizomwagika.
Nikasahau magoti. Nikasema, una bahati wewe.

"Nalitazama kila siku," akajibu.
"Sijawahi kuligusa."

Kwenye chupa nilikuwa na maji niliyoyateka ufukweni,
yamebaki nusu.
Nikammiminia viganjani.
Aliyanusa kwanza. Akayaonja kwa ncha ya ulimi,
akakunja uso:
"Rangi yake imebaki wapi?"

Hakuyamwaga. Alitembea nayo polepole,
yakivuja katikati ya vidole,
hadi kwa wale watatu wasio na majina.