Kwa Mujibu wa Kifungu

Saa kumi alfajiri narudi na greda la theluji,
kope zimeganda, vidole havitaki kukunjika,
na taa ya jikoni bado inawaka.
Binnaz yu macho. Mezani chai iliyopoa,
kitabu cha mazoezi kilichovimba kama mkate ulioloa,
na vikaratasi vya msamiati kila mahali,
kimoja kimebandikwa hata kwenye birika.

Sisi watu wa Göle Kiingereza hatukukihitaji
kuuza jibini, wala kuzika.
Lakini mtihani wa kuingia chuo kikuu unakitaka:
maswali themanini, mwezi wa sita, asubuhi moja.
Na binti yangu anautaka Izmir,
mji ambako theluji ni neno tu la kitabuni.

"Baba, nishikie saa."
Hiyo ndiyo kazi yangu. Yeye asome, mimi nihesabu,
dakika moja na nusu kila swali.
Nashika pia ufunguo wa majibu, ukurasa wa mwisho,
maana herufi nazijua, A mpaka E,
hazijabadilika tangu niache shule.
Nasahihisha nisichokielewa,
kama mlinzi wa ghala asiloruhusiwa kuingia.

Midomo yake inatembea. Penseli inachimba chini ya mistari.
Kila akikuta neno la "hata hivyo"
analizungushia kisanduku.
"Hapo ndipo mwandishi anapogeuka," aliniambia siku moja,
nami nikaelewa mara moja: kona.
Kona hupunguziwa mwendo.

Leo kifungu kinahusu theluji.
Nilicheka mpaka Nazife akagonga ukuta kutoka chumbani.
Theluji! Kwa Kiingereza! Hebu nisomee.
Akanitafsiria polepole, kama apitishaye uzi sindanoni:
theluji mpya imejaa vijishimo vya hewa,
vijishimo humeza sauti,
ndiyo maana mji hunyamaza.
Mistari kumi na minne. Basi.

Swali: kwa nini barabara huwa kimya theluji ikianguka?
"D," nikasema, hata hajamaliza machaguo.
D ilisema watu wanaogopa kutoka.

Maana mwaka ule, pale juu mlimani,
nilikesha na basi lililozama, abiria kumi na tisa,
mtoto mchanga mmoja, nimemfunika koti langu la kazi,
na hakuna aliyethubutu kukohoa,
tunasikiliza mlima unawaza nini.
Ule ndio ukimya.
Haukuwa na vijishimo.

Binnaz alinitazama, penseli mdomoni.
Hadithi hiyo sikuwahi kumsimulia.
Akaizungushia D yangu duara, hafifu, kwa heshima,
kisha akasema,
"Lakini baba, wanauliza yaliyomo kwenye kifungu,
si yaliyomo barabarani."

Nikafunua ukurasa wa mwisho.
B. Hewa.

Labda ndiyo maana kikaitwa kifungu: kimefungwa.
Ulichokuja nacho kiache nje pamoja na viatu,
uingie soksi tupu, utazame kilichomo, utoke.
Yeye keshajifunza. Mimi bado naingia na matope.

Amepata thelathini na moja kati ya arobaini.
Wiki jana ishirini na sita.
Amelala palepale kwenye kochi, sweta imekunjamana,
wino wa kijani kwenye shavu.

Nikachukua kalamu nyekundu nikaikata D.
Haki ni haki.
Ila pembeni, kwa penseli, herufi ndogo ndogo
kama za mtoto wa darasa la pili,
nikaandika: Muulize dereva.

Dirishani imeanza kuanguka tena, mpya, ya vijishimo.
Nina saa mbili za kulala,
kwa mujibu wa saa.