Sumaku, Sukuma

Baba alipasua spika mbovu pale Mlango Mmoja
akanipa sumaku yake, duara jeusi lenye tundu.
Nikaifunga kamba ya kiatu, nikaiburuta Kirumba mwaloni
kama mbuzi asiyetaka kwenda.
Ilirudi na ndevu:
mchanga mweusi, msumari, kifuniko cha soda.
Mama alisema, hicho kitu hakina haya,
kinakumbatia kila chuma bila kuulizia ukoo.

Sasa nina miaka thelathini na moja
na nyota niliyopewa haina jina, ina namba.
Uzito wake ni mara ishirini wa jua letu.
Ni ya buluu, ina haraka ya kufa.
Sijawahi kuiona kwa jicho.
Mwanga wake hudakwa na kioo cha watu, nchi ya mbali,
ukanifikia Kitangiri kwa bando la usiku,
faili baada ya faili, umeme ukipenda.

Kazi yangu ni kutoa.
Mwanga uzungukao kulia,
toa mwanga uzungukao kushoto.
Nyota isiyo na sumaku hubaki sifuri,
mstari umelala kama ziwa kabla boti za dagaa hazijarudi.
Yenye sumaku huacha kijikunjo:
kilima kidogo, bonde dogo.
Katika kumi, yenye nayo ni moja,
na hiyo moja hatujui iliitoa wapi.
Jua huchemka juujuu kama uji, hujipikia yake.
Hizi kubwa ngozi yao imetulia.
Wako wasemao ni urithi wa wingu lililozizaa.
Wako wasemao zilikuwa nyota mbili,
zikagongana, zikawa moja,
na sumaku ndiyo kovu.

Nilimweleza mama kwenye simu.
Akanyamaza, anahesabu chenji ya mteja, kisha:
"Sasa Kwandu, hayo yote mawili si ndiyo ndoa?"

Umeme umekatika.
Nimekaa kwenye jabali nyuma ya nyumba, bado lina joto la mchana.
Su-ma-ku.
Badilisha silabi mbili za mwisho: su-ku-ma.
Wanyamwezi walituita hivyo, yaani watu wa kaskazini,
na Kiswahili kikatuongezea kazi ya kusukuma.
Sindano ya dira, ipeleke utakako,
itahangaika weee
hadi ielekee kwetu.
Nacheka peke yangu. Mbwa wa jirani anabweka.

Saa tisa usiku friji inakohoa, taa zinarudi.
Jibu liko kwenye kioo:
mia mbili na kumi.
Kosa: mia moja na tisini.
Kijikunjo kipo.
Au ni darubini ilitikisika, au ni macho yangu,
au ni hamu, ambayo nayo huvuta.

Nafuta "ina sumaku."
Naandika "huenda," nalipigia mstari,
naomba usiku mmoja zaidi wa kioo cha watu.

Mezani, ile ya spika
imeshika funguo za nyumba
na haina shaka yoyote.