Kifungu cha Mishahara

Ruzuku ya Maskati hufika Ibra saa nne asubuhi,
haina vumbi, haina jasho, tarakimu tu kwenye kioo cha kompyuta,
na kabla sijamaliza kikombe cha kahawa
imeshanata.
Kama halua: uiguse kwa kidole kimoja,
utalamba vitano.

Mwaka ule mafuta yalipopanda bei
tuliletewa riyali laki mbili, zimeandikwa maendeleo ya wilaya.
Bi Zuwena, akanambia mkurugenzi, maendeleo ni watu.
Basi tukaajiri watu, kumi na mmoja:
wawili wa kugonga mihuri, mmoja wa kuwaangalia wale wawili,
na Muadhi, mtoto wa mdogo wangu,
mwenye shahada ya jiografia na meza isiyo na droo.
Fomu yake niliitia sahihi mimi. Sifichi.

Ushuru wetu wenyewe, wa soko la wanawake la Jumatano,
baisa kwa baisa,
tunaubishania mpaka adhuhuri:
tununue mifagio, au taa ya njia ya makaburini?
Cha kupewa hakibishaniwi.
Riyali iliyotoka mbali haina mama wa kuililia.

Babu yangu alikuwa arifu wa falaji.
Ujira wake ulitoka kwenye maji yenyewe,
nusu saa ya zamu, ikinadiwa ukutani kwa msikiti.
Mfereji ukipungua, naye alikaza mkanda,
hakungoja barua.

Sasa mafuta yameshuka. Barua imekuja, ukurasa mmoja.
Nikapitisha kalamu kwenye orodha ya wale kumi na mmoja:
huyu ana mkopo wa nyumba,
huyu kaposa juzi,
huyu ni Muadhi.
Kalamu ikateremka yenyewe, ikitafuta penye wepesi:
dizeli ya gari la taka,
kuzoa tope la falaji,
na Rafikul, mfagiaji, mkataba wa miezi sita,
aliyekuja kuniaga na kunirudishia funguo
zimefungwa kwa uzi, kila moja na jina la mlango.

Leo upepo umekusanya mifuko kibarazani petu.
Ndani kiyoyozi kinanguruma, kazi hakuna.
Mama mkubwa, anauliza Muadhi, nani atafagia?
Ufagio, mwanangu, hauna kifungu.
Akainuka hata hivyo, akaenda stoo,
akakaa huko kitambo.
Akarudi mikono mitupu:
mna viti tu, anasema,
bado vimo kwenye nailoni.