Na Wenzake

Kamati ya vyeo inaitaka orodha kabla ya Ijumaa,
nakala tatu, makala mpya zikitangulia.
Dakta Tusekile yuko Tukuyu, msibani,
kwa hiyo naichapa mimi, fundi wa maabara,
hapa Upanga, ghorofa ya pili,
feni ikinipeperushia kurasa hadi chini ya friza.

Ishirini na tatu.
Nimehesabu tena: ishirini na tatu.

Mwakyoma T., na wenzake. Vijifuko vya seli
katika plazma ya wagonjwa wa dengue, Dar es Salaam.
Ndivyo jarida lilivyotaka iandikwe.
Wagonjwa wenyewe walisema kidingapopo,
wakishika viuno, wakitembea kama waliotwangwa.

Kijifuko ni nini? aliniuliza mke wangu,
mwaka ule nikirudi nyumbani saa nne za usiku.
Nikamwambia: seli humega utando wake,
hufunga humo kidogo cha kilichomo jikoni mwake,
hukituma kwa jirani kupitia damu.
"Kama sahani ya futari," akasema, "imefunikwa kawa."
Ndiyo. Na jirani hafunui mlangoni,
hupokea, huingiza ndani, hushukuru.
Basi kirusi kimejifunza adabu zetu:
kinajilaza chini ya kawa, kimya,
na askari wa mwili wanampisha mgeni mwenye sahani.
Tumezoea kusema funika kombe mwanaharamu apite;
makala ya tisa, kurasa kumi na nne, michoro sita,
inasema mwanaharamu yumo ndani ya kombe.

Maneno hayo ni yangu. Yeye aliandika "huenda".
Wakaguzi walimrudishia mara tatu,
na kila mara akaongeza huenda nyingine.

Mgonjwa KG-017, mama wa Kigogo,
muuza vitumbua, mishipa myembamba kama uzi,
aliniuliza nikiwa bado na sindano mkononi:
"Sasa hivyo vijifuko, vikishatoka,
ni vyangu au vyenu?"
Katika makala ya kumi yeye ni nukta ya bluu,
ya tatu kutoka kushoto.

Halafu, baada ya makala ya kumi na moja,
pana miaka minne mitupu.
Kamati itauliza. Kamati huuliza.
Fomu haina kisanduku cha usiku ule:
umeme umekatika tangu magharibi,
jenereta ina dizeli tele, chumba chake kimefungwa,
na ufunguo uko mfukoni mwangu, Mbagala,
harusini kwa binamu, nacheza mchiriku.
Simu nilikuwa nimeizima.

Mirija mia sita na arobaini.
Asubuhi ile barafu ya hasi themanini
ilikuwa dimbwi linalotafuta mlango.
Tusekile alivua viatu, akapiga magoti,
akaanza kusoma lebo moja moja, kwa sauti,
kama mwalimu anayeita mahudhurio.
KG-017. KG-018.
Alipofika mia mbili na kitu, aliinua macho.
Ufunguo nilikuwa bado nimeushika.

Kwenye ripoti aliandika: hitilafu ya umeme.
Bila huenda.

Makala ya kumi na mbili, mwaka wa tano,
jina la pili ni langu: Chade R.
Mchapaji aliiruka n.
Tuliandika kulalamika, hawakujibu.

Sasa kishale kinapepesa penye pengo lile.
Nimeandika mstari mmoja, nimeufuta.
Nimeuandika tena.
Simu inaita. Ni yeye, nyuma yake watu wanaimba msibani.
"Rajabu, umeshamaliza?"
Namwambia bado, kuna mstari mmoja.
Ananyamaza. Wimbo unapanda, unashuka.
"Basi usiwe mrefu," anasema.
"Na ile n yako, usiisahau."