Maagizo kwa Shaame, Mstari wa 4112

Shaame,
mashine nimeisimamisha, sikuizima.
Usiguse ile swichi nyekundu. Nyekundu ni ya siku ya kidole,
si ya kwenda kula.

Mlango ni wa Bi Nunuu wa Limbani, mfenesi mtupu,
umekauka miaka miwili darini kwa mjomba wake.
Kisu kipana kimekwisha kazi: kingo zote, na mnyororo wa ukingoni.
Sasa mashine inataka kile chembamba, cha maua.
Taa inamemeta kukiomba. Iache imemete.
Taa haina haraka, mwenye haraka ni mteja.

Fungua koleti kwa spana mbili, moja ishike, moja izungushe.
Pulizia kwanza. Punje moja ya unga wa mfenesi ikibaki ndani,
kisu kitakaa upande
kama kofia ya bwana harusi aliyechelewa.

Urefu wake si urefu wa mwenzake.
Hapa ndipo ulipotuharibia kitanda cha watu wa Mkoani:
kisu kipya, kipimo cha kile cha zamani,
ukatoboa ubao mpaka mezani.
Kiteremshe taratibu. Weka karatasi chini yake,
ya daftari, si ya boksi,
ivute huku na huku, na itakapo

ngoja

Haya. Imepita.
Weka karatasi chini yake, ivute huku na huku,
na itakapokukatalia kidogo,
kama mtoto anayeshikwa mkono sokoni,
hapo ndipo sifuri. Iandike.

Umeme utakatika. Leo Alhamisi,
Wete nzima inapiga pasi kanzu za kesho.
Ukirudi, usikimbilie kubonyeza Anza.
Mashine imeshasahau ilisimama wapi
na haitakwambia kuwa imesahau;
itakwenda kwa uhakika ule ule, pasipo.
Ipeleke kwanza konani kwake, ijijue.
Kisha usianzie pale pale ilipokatikia.
Rudi nyuma mistari ishirini,
kisu kiwe juu, hewani, kinazunguka tayari,
kipite tena kilipokwisha kupita, ndipo kiingie pa

Shaame, hii ilikuwa ndefu.
Faki amekwenda kuita gari.

Mistari ishirini nyuma. Hewani. Kinazunguka tayari.
Kipite tena kilipokwisha kupita, ndipo kiingie papya.
Ukifanya hivyo Bi Nunuu hatapajua palipokatikia,
hata akipapasa kwa ukucha.

Mimi sijui nitarudi baada ya arubaini au lini.
Miwani iko juu ya friji la soda.
Kiti nilikipandisha mwezi wa tano, tumbo lilipoanza kugonga meza.
Kiteremshe. Usikae kwa kipimo changu,
urefu wako si wangu.

Tumefika ua la tatu, jani la pili, upande wa kushoto.
Gari hiyo naisikia.
Wewe anzia ua la pili.