Rangi ya Marehemu

Keti, Sajini Latreille. Kiti hicho ndicho alichokalia.
Usiogope poda, hutoka kwa brashi.

Unasema una mashahidi laki tatu,
wote walimwona Rosaire Vadnais akifa,
Jumatano, saa mbili na dakika kumi na tisa usiku,
sebuleni mwao, soksi zikikauka kando ya jiko,
na wote wakadhani ndivyo mchezo ulivyoandikwa.
Bibi mmoja wa Trois-Rivières alipiga makofi.
Nakuamini. Alianguka vizuri.
Miaka mitatu Inspekta Cordeau alisimama juu ya maiti za watu,
kofia mkononi,
akijifunza namna ya kulala.

Lakini hao laki tatu walimwona wa kijivu.
Huko majumbani damu ni ya kijivu, mawaridi ya kijivu,
busu ni jivu linalokutana na jivu.
Damu yenyewe mimi huichemsha kwa chokoleti.
Midomo ya wanawake naipaka kahawia,
maana wekundu kamera huufanya mweusi kama shimo.
Katika mji huu mzima
mimi peke yangu nilimwona kwa rangi.

Andika hapo: alikuwa mwekundu.
Si wa hasira. Si wa brandi
(brandi naijua, hukaa puani).
Mashavu ya mtoto aliyetoka kuchezea theluji.
Miaka mitatu nampaka mtu wa majivu
ili afanane na mzima,
usiku ule nikafunika kopo bila kuligusa,
nikamwambia, "Leo umependeza, Rosaire.
Leo hunihitaji."
Akasema kichwa kinamgonga.
Nikasema ni kofia.

Nje, baridi ilikuwa ikipasua chupa za maziwa milangoni.
Chumbani mwake mna hita ya gesi yenye umri kunishinda,
na dohani yake hupiga mluzi upepo ukitoka mtoni.
Usiku ule haikupiga.
Mimi, ukuta wa pili, nilishukuru.

Sasa umezikuta humo karatasi:
kurasa kumi na mbili, zimefinyangwa, kingo zimeungua,
mchezo wa Jumatano ijayo,
ambamo Inspekta Cordeau anapigwa risasi bandarini
na Bwana Gaboury, mwandishi wetu,
hampi hata neno la mwisho.
Unauliza nani alizisokomeza.
Gaboury anaapa nakala ilikuwa moja, kwenye mtoto wa meza yake.
Lucien, kijana anayerithi kofia, anaapa hata hakujua.
Mjane anaapa kwa Mtakatifu Anna.
Sajini, humu ndani kila mtu
aliajiriwa kwa sababu anajua kuapa.
Kikulacho ki nguoni mwako,
na nguo za Rosaire zilining'inia hapo, ukumbini,
kwa mkono wowote.

Labda mtu alimuua.
Labda alizisoma, akaona afe kabla hajauawa.
Au labda, na hili halitakupandisha cheo,
upepo ulikuwa unaingia, mtu akasikia baridi,
akanyoosha mkono,
na karatasi iliyokuwa karibu ilikuwa kifo chake.

Kwenye mchezo ungejua.
Dakika ya ishirini na sita angevua kofia,
angemgeukia mmoja wetu taratibu. Muziki.
Wewe unapangusa miwani.

Jana mjane aliniita kule kwa wazika maiti.
Nilibeba kisanduku changu.
Rangi ile ilikuwepo bado, siku ya tatu,
nzuri, ya uongo, kama ya tufaha la dukani.
Mlangoni watu wamepanga foleni hadi mtaa wa pili,
wamekuja kumuaga wanayemjua.
Kama ulikuwa ushahidi, niwie radhi.
Nilikoroga taratibu,
nikaanzia kwenye paji la uso, nikashuka,
mpaka akawa wa kijivu.